Kavindu na Rangi za Linki

"Kavindu, umeniua! Umeniua ukanizika, na hata chai ya matanga hukupika!"

Huyo ni mzee Kyule, amesimama mlangoni pa saiba ya Kavindu, duka lake la intaneti, hapa soko ya Mbumbuni, fimbo juu, simu ya mjukuu kwa mkono ule mwingine.

"Watu wa Nairobi wanajua Kyule amekufa! Mombasa wanajua! Mpaka wale wetu wako Amerika wameshalia wakamaliza! Sasa nikienda kanisa Jumapili nitasema nimetoka wapi?"

"Umau, keti kwanza," Kavindu akamwambia, macho yakiwa kwa kompyuta. Umau ni babu kwa Kikamba, na Kavindu hata akikasirika hakosi hiyo heshima. "Nani amekuambia umekufa?"

"Si hii simu! Ukifinya jina ya mtu mwingine anatokea, picha, bibi, watoto, kila kitu. Ukifinya Kyule inasema ukurasa haupatikani. Mtu asiyepatikana ako wapi kama si kaburini?"

"Si wewe umekufa. Ni linki yako imekufa."

"Na iko tofauti gani?"

Mimi nilicheka mpaka spana ikaniponyoka. Niko na kibanda cha kutengeneza baiskeli ukuta mmoja na hiyo saiba, na ukuta wenyewe ni bati, kwa hivyo neno likisemwa kwa Kavindu linanifikia kabla halijapoa. Nikamsikia akigonga vitufe, tap tap tap. "Haya Umau, finya tena." Mzee akafinya, akajiona. Akauliza kwa nini wamemweka na ile kofia mbaya wakati ako na nzuri nyumbani. Akaenda zake akiwa amekasirika vilevile, lakini akiwa hai.

Siku hiyo bado tulikuwa tunacheka.

Kavindu si mtu wa hapa kwa kuzaliwa. Ametoka Kanyangi, upande wa Kitui, kule jua halina adabu. Alimaliza kidato cha nne, akaenda Machakos kusoma kompyuta, na huko ndiko Muthama wa kwetu alimwona. Akaletwa hapa bibi. Cha kwanza watu waligundua ni kwamba huyu mama hawezi kuacha kitu kikakaa na kisicho aina yake. Kwake mbegu ya mahindi hailali gunia moja na mahindi ya kula. Ndengu na mbaazi zinatazamana kutoka pembe mbili za ghala kama wakwe. Sufuria ya maziwa haijui nyama. Ukimrudishia kijiko chake, anakiangalia kama mtoto aliyelala nje, kisha anakirudisha na wenzake. Siku moja nilimwambia, "Kavindu, wewe ukifika mbinguni utamwuliza Petro ni nani alichanganya malaika." Akanijibu bila kucheka, "Lakini kwani wamechanganywa?"

Basi Evanson ndiye alileta hayo mambo ya linki. Evanson ni wa hiyo hiyo boma ya kina Muthama, lakini anafanya kazi mji wa Wote. Kazi gani hasa sijui, ila anavaa tai siku za joto. Boma yao inaitwa Mbaa Kitheka, yaani watu wa mzee Kitheka, aliyekufa zamani akaacha shamba kubwa linaloteremka kutoka barabara mpaka mtoni. Mpaka leo shamba liko kwa jina lake, na wajukuu wanalima kila mtu mahali alimkuta baba yake akilima. Evanson akaja na wazo zuri. Ukoo umetawanyika, akasema, watoto hawajuani, wawekwe wote kwa intaneti. Kila mtu ukurasa wake. Ukifinya jina la baba unafika kwa baba, ukifinya la mtoto unafika kwa mtoto. Ni nani angekataa? Na kazi apewe nani kama si Kavindu, bibi wa hiyo boma, mwenye kompyuta, mwenye ugonjwa wa kupanga?

Kavindu aliishika hiyo kazi kama mtu aliyepewa chumba kichafu na ufagio. Jioni akifunga saiba anasimama kwa kibanda changu ananifundisha, nitake nisitake.

"Unaona, watu wanafikiria linki ni linki tu," ananiambia. "Lakini linki bila aina ni kama mtu anakuita 'kuja hapa', na hasemi ni chakula au ni kiboko. Lazima ujue kabla hujafinya."

Nikamwuliza ziko aina ngapi, na hilo lilikuwa kosa langu, kwa sababu nilifika nyumbani ugali ukiwa baridi. Kuna ya kupanda na kushuka, kama ngazi: baba, mama, mtoto. Kuna ya kando, inakupeleka kwa mtu mnayelingana naye. Kuna moja haikupeleki popote, inafungua tu kadirisha kadogo inakunong'onezea jambo, kwamba huyu alikuwa mwalimu, huyu aliumwa na nyoka akapona. Kuna ya jina, maana sisi mtoto tunamwita mtu aliyetangulia. Kifungua mimba wa Kavindu anaitwa Mbithe kwa ajili ya nyanya mmoja wa boma aliyekufa zamani, kwa hivyo ukifinya kwa huyo mtoto, linki inaruka vizazi viwili inatua kwa marehemu. Kuna ya nje, inakutoa boma hii inakupeleka kwa wakwe. Na kuna ya njia moja na ya kwenda na kurudi. Hii ya mwisho aliirudia mara nyingi.

"Mimi nikikujua na wewe hunijui, hiyo ni njia moja," alisema. "Ukurasa ukikosa hata linki moja ya kuingia, uko, lakini hakuna mtu atawahi kuufikia. Tunauita yatima."

Akazipaka rangi ili hata mzee asiyejua kusoma aelewe. Nyekundu ni damu. Buluu ni ndoa. Kijani ni jina. Ilikuwa inapendeza, sitasema uongo, kama leso ya Krismasi. Mpaka akafika nyumba ya Mbithe.

Hapa nieleze polepole. Mzee Kitheka alikuwa na mabibi wawili. Wa kwanza, Kanyiva, alizaa vijana, na Evanson ni mjukuu wa huko. Wa pili, Mbithe, hakupata mtoto. Mzee akafa. Sasa Mkamba haachi nyumba izime moto. Mbithe akafanya kama wanawake wengine wa zamani waliokosa mtoto: akapeleka mbuzi kwa watu, akaoa msichana. Ndiyo, mwanamke akaoa mwanamke, kwa heshima zote, wazee wakanywa pombe ya harusi. Huyo msichana sisi tunamwita iweto. Kazi yake ni kuzalia hiyo nyumba. Ni mwanamume gani anapita kwa ua, hakuna mtu anauliza, na ukiuliza wewe ndiye huna malezi. Mtoto ni wa nyumba. Baba yake ni mwenye boma, hata kama mwenye boma alizikwa kabla ya harusi.

Msichana aliyeletwa alikuwa Ndunge. Mwanawe ni Muthama, bwana ya Kavindu. Ndunge angali hai, mzee sana, masikio yamechoka, lakini jembe bado analijua.

Hakuna siri hapo. Kila mtu Mbumbuni anajua. Tunajua tu venye unajua jirani ako na meno ya bandia: huendi kumwambia afungue mdomo.

Kavindu akafika hapo akakwama. Kompyuta inamwuliza: Muthama kwa Kitheka, linki ya aina gani? Wiki nzima akawa anaunguza chapati. Nilimsikia kupitia bati Muthama alipokuja kumchukua.

"Si uweke nyekundu tu tuende nyumbani?"

"Ni uwongo, baba Mbithe. Nyekundu ni damu."

"Ni uwongo wa nani? Mimi nilizaliwa nikiukuta."

"Buluu pia si kweli. Mzee hakuoa mama. Mzee alikuwa amekufa."

"Kwa hivyo mimi ni rangi gani? Unipake njano?"

Akapata jibu lake siku chache baadaye, na alifurahi kama aliyegundua mto. Alitengeneza aina mpya, rangi ya kahawia, kama udongo wa kukandika nyumba. Akaiita linki ya nyumba. Akaniambia hiyo ndiyo ya heshima kuliko zote, maana damu inakuja yenyewe hata kwa bahati mbaya, lakini nyumba watu walikaa chini wakakubaliana. Na alikuwa anamaanisha. Mtu ambaye hajaolewa nyumba ya iweto hangefikiria hivyo, angepaka nyekundu alale. Kavindu alipaka Ndunge kahawia, Muthama kahawia, na watoto wake mwenyewe wakashuka kutoka hapo.

Evanson alipiga simu kutoka Wote siku hiyo hiyo. Kumpongeza.

"Mwaitu, kazi safi," akamwambia, na alipenda sana kumwita mwaitu, yaani mama yangu. "Hizi za kahawia nimezipenda. Sasa mtu anaona."

"Anaona nini?"

"Anaona tu."

Kavindu alinieleza akitabasamu. Mimi niliendelea kukaza spoku. Mtu mwenye tai akisema anaona tu, ujue tayari ameona.

Hakukutokea kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Hakuna mtu alitukana mtu. Ila mabibi wa nyumba ya Kanyiva, waliokuwa wakimtuma mtoto kwa Kavindu kuomba chumvi, sasa wakamtuma sokoni. Mvua ilipokuja, yule jamaa wa ng'ombe za kulima alilima kwa Kanyiva mpaka kwenye mpaka wa Ndunge, akafungua nira, akaenda nyumbani, akisema amechoka. Kukawa na mazishi kule juu, na wakati wa kutambulisha familia mtangazaji akasema, "Watoto wa mzee Kitheka wasimame." Muthama akasimama na wengine kama kila mara. Halafu msichana mdogo, wa sekondari hivi, akamwuliza mama yake kwa sauti ya wazi kabisa, "Na hao wa kahawia pia?" Mama akamfinya. Lakini hakumwambia amekosea.

Muthama aliketi. Tangu siku hiyo hakusimama tena kwa mazishi yoyote.

Kisha linki zikaanza kukatika. Kavindu aligundua akiwa anaongeza picha. Alifinya kwa Ndunge, akafika kwa mzee Kitheka sawasawa. Akatafuta njia ya kurudi kwa Ndunge, haiko. Kwa ukurasa wa mzee alibaki Kanyiva peke yake na watu wake, wekundu, wamejaa. Hata Mbithe hayuko. Akafikiria ni makosa yake, akarudisha. Asubuhi akakuta imetolewa. Akarudisha, na ya Muthama nayo ikaenda. Nilimwona anatoka nje kusimama kwa jua, mikono kiunoni, kama mtu amesikia kuku wakilia na haoni mwewe.

"Si wewe unasemanga kuna linki zinakufa?" nikamtania. "Kama ya mzee Kyule."

"Hizi hazikufa," akasema. "Hizi zinatolewa na mtu anayejua kazi. Anaacha ya kwenda, anatoa ya kurudi. Sisi tunamjua mzee. Mzee hatujui."

Nikachukua pampu nikajaza gurudumu ambalo tayari lilikuwa limejaa.

Paswadi alikuwa nayo yeye na mtu mmoja mwingine. Akampigia. Evanson hata hakujificha.

"Ni mimi, mwaitu. Si wewe ulitufundisha linki lazima iwe na aina? Ya kutoka kwenu kwenda kwa mzee umeiita nyumba, sawa, hiyo ni venye nyinyi mnasema. Lakini ya kutoka kwa mzee kuja kwenu, mzee mwenyewe alisema nini? Alikuwa ameshakufa. Niambie ni aina gani nairudisha sasa hivi."

"Kwa nini unauliza hivi, Evanson?"

"Shamba linapimwa. Sovea anataka kujua watu wa mzee ni akina nani. Anasema huu mti wako wa ukoo ndio mzuri ameona, uko wazi."

Kavindu alikata simu akaketi kwa benchi ya wateja wangu. Nilidhani atalia. Alichukua sanduku langu la nati akaanza kuzipanga, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa, mpaka zikaisha. Kisha akazimwaga zote pamoja sandukuni, akainuka. Zile nati nilikaa nazo hivyo hivyo, sikutaka kuzigusa.

Vigingi vilitangulia sovea. Siku moja tulienda shambani tukakuta vimepigwa, vipya, vimepakwa rangi nyeupe kichwani. Vilishuka kutoka barabara mpaka mtoni vizuri kabisa, vikizunguka shamba la nyumba ya Kanyiva. Upande wa Ndunge, mahali Mbithe amezikwa, mahali nyumba ya Muthama iko na mihogo ya mama yake, hakukuwa na kigingi hata kimoja. Ndunge alipita katikati ya vigingi akaenda kuchimba mihogo yake. Hakuuliza mtu. Nilimwona akisimama kidogo tu mahali safu inakata kona kukwepa mlango wake.

Kikao kikaitwa Jumamosi, asubuhi, kwa uwanja wa nyumba ya Kanyiva. Mimi niliitwa kwa sababu shamba langu limepakana nao, na jirani lazima aone. Viti vya plastiki, chai, mandazi, kila kitu kama harusi. Evanson alikuwa ametoa televisheni yake kubwa nje, juu ya meza, wakaiunganisha na kompyuta ya Kavindu ili kila mtu aone mti. Sovea ameketi pembeni na kofia magotini, kijana mpole, anatazama mandazi.

Evanson akaomba. Akaomba mvua, akaomba umoja, akaomba ukweli, akarudi tena kwa ukweli. Mtu akiomba hivyo kabla ya kugawa shamba, shika kofia yako.

"Hatuko hapa kufukuza mtu," akasema baada ya amina. "Mimi hao ni watu wangu. Nimekula kwa mama Ndunge nikiwa mdogo. Lakini tunataka tuandikwe venye tuko. Na mimi sitasema neno. Atasema mwenyewe aliyetengeneza, na yeye ni bibi wa hiyo nyumba, kwa hivyo hakuna atasema ameonewa." Akamgeukia. "Mwaitu, mbele ya Mungu na hawa watu. Linki kutoka kwa mzee Kitheka kuja kwa Ndunge na Muthama, ni ya aina gani?"

Kwa televisheni mzee Kitheka alikuwa amejaa, ile picha yake moja ya kipande, kile kitambulisho cha wakoloni, na chini yake majina mekundu. Kando kuna kisanduku cheupe kinachongoja.

Kila mtu pale alijua hesabu. Akisema damu, wanabaki na shamba, na amesema uwongo mbele ya Mungu, na Evanson atasema haya, tuwapime damu. Akisema ndoa, sovea atauliza mzee aliolea kaburini? Akisema nyumba, ni ile kahawia yake, na tayari tumeona vigingi vinavyofanya vikikutana na kahawia. Muthama alikuwa anatazama viatu vyake. Kama kungekuwa na shimo uwanjani angeingia na viatu.

"Andika tu venye iko," mzee Kyule akasema kwa upole, na yeye ni wa nyumba ya Kanyiva, damu nyekundu kabisa. "Si uliniandika mimi?"

"Watu wa zamani hawakuuliza aina," Kavindu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Lakini wewe uliuliza, mwaitu," Evanson akasema.

Hapo ndipo Ndunge alisimama. Alichukua muda, mkono kwa kiti, kisha kwa bega la Muthama. Alitembea mpaka kwa televisheni, akamtazama mzee Kitheka ambaye hakuwahi kuonana naye akiwa hai. Kisha akamgeukia Kavindu, na hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ingekuwa nafuu.

"Mama Mbithe," akasema. "Mimi nililetwa hapa msichana, nikaonyeshwa jiko, nikaambiwa hapa ni kwako. Sikuonyeshwa kitu kingine. Wewe umesoma, umeingia ndani ya hii kitu ukaona venye watu wamefungwa. Usimwambie huyu. Niambie mimi. Mimi nimefungwa na hii boma na nini?"

Akaweka mkono nyuma ya sikio, akainama mbele kidogo, ili asikie vizuri.

Tukangoja. Hata sovea aliacha mandazi. Kavindu akanyoosha mkono akachomoa waya kabla kile kisanduku cheupe hakijajazwa, na televisheni ikawa nyeusi, tukajiona sote ndani yake tumeketi. Akafunga kompyuta, akaiweka kwapani. Alimpita Ndunge karibu sana, mpaka leso zikagusana, akampita Evanson, akatoka uwanjani akashika ile njia ya kuteremka mtoni, katikati ya vigingi vyeupe, na hakugeuka.